SI KILA FILAMU YA MHINDI NI YA KIHINDI

Chama chetu cha Kiswahili kiliniomba niandike jambo la kuelimisha, nami nimechagua jambo ambalo wengi wetu tunalipenda lakini wachache ndio wanaolielewa, yaani filamu za kutoka India, na hasa pesa zinazoingia watu wanapopanga foleni kununua tiketi. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika kidato chetu cha tatu hakuna siku inayopita bila ubishi kuhusu staringi yupi ni mkali kuliko mwenzake. Pili, muhula uliopita kwenye mjadala, mwenzetu mmoja alisimama akasema ati lugha ndogo haiwezi kutengeneza filamu ya kuleta faida, na kwamba anayetaka pesa aandike kwa Kiingereza. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana ndilo linalotupotosha. Katika Kiswahili chetu, chochote kitokacho India huitwa cha Kihindi. Tuna chakula cha Kihindi, nguo za Kihindi, hata mahindi yanayotiwa kwenye githeri yetu ya saa saba yamebeba jina hilo hilo. Lakini Kihindi pia ni lugha, lugha moja miongoni mwa nyingi za nchi ile. Katiba ya India inazitambua lugha 22 katika orodha yake maalumu. Kwa hivyo mtu anaposema ameona "filamu ya Kihindi", huenda ameona filamu ya Kitelugu, ya Kitamil, ya Kikannada au ya Kimalayalam, na asijue. Binamu yangu ana kibanda cha video huko kwetu. Nilipomwambia kwamba ile filamu aliyoonyesha Jumamosi haikuwa ya Kihindi bali ya Kitelugu, alinitazama akacheka: "Wewe kijana, Mhindi ni Mhindi bwana! Kiingilio ni kile kile."

Kwake kiingilio ni kile kile, sawa. Huko India si kile kile hata kidogo.

Kwa mujibu wa sensa ya India ya mwaka 2011, watu milioni 528 walisema Kihindi ndiyo lugha yao ya kwanza. Kibengali kilifuata kwa milioni 97, kisha Kimarathi milioni 83, Kitelugu milioni 81, Kitamil milioni 69, Kigujarati milioni 55, Kikannada milioni 44, Kimalayalam milioni 35 na Kipunjabi milioni 33. Sisi Wakenya katika sensa yetu ya 2019 tulikuwa milioni 47 na ushee. Ziweke hesabu hizo akilini. Wasemaji wa Kikannada wanakaribia kuwa sawa na Wakenya wote, na wa Kimalayalam ni wachache kuliko sisi. Lakini kila mojawapo ya lugha hizo ina studio zake, nyota zake na mashabiki wake wanaomwagia maziwa picha kubwa ya mwigizaji wao siku filamu inapotoka. (Maziwa, ndugu zangu! Na hapa kwetu chai ya kantini ni ya rangi.)

Jambo hili lilianza zamani. Filamu ndefu ya kwanza ya India, Raja Harishchandra, ilitengenezwa na Dadasaheb Phalke na kuonyeshwa Bombay mwaka wa 1913. Ilikuwa bubu, na filamu bubu haina kabila. Maandishi yaliyotokea kwenye kitambaa yangeweza kuandikwa kwa lugha yoyote, na anayejua kusoma akawasomea wenzake. Mambo yalibadilika mwaka wa 1931 sauti ilipoingia. Mwezi wa Machi mwaka huo ilitoka Alam Ara, ya kwanza kusema, na kabla ya mwaka kwisha ikatoka Kalidas kule kusini, ambamo Kitamil kilisikika. Tangu siku ile soko likapasuka vipande vipande. Bombay, ambayo leo ni Mumbai, ikashika Kihindi. Madras, ambayo leo ni Chennai, ikashika Kitamil na kwa miaka mingi ikawalea pia Watelugu, ambao baadaye walihamia Hyderabad. Kolkata ilikuwa na Kibengali chake. Jina Bollywood limetokana na herufi ya kwanza ya Bombay kupachikwa kwenye Hollywood ya Marekani, lakini kabla yake lilikuwako jina Tollywood, lililotokana na mtaa wa Tollygunge huko Kolkata. Siku hizi Watelugu nao wamelitwaa jina hilo hilo.

Sasa tuje kwenye pesa. Ukisoma habari za filamu za India utakutana na maneno mawili, laki na krori. Laki tunalijua, nalo lilitufikia kutoka huko huko, laki moja ikiwa ni elfu mia moja. Krori ni laki mia, yaani milioni kumi. Rupia nayo si ngeni kwetu, kwani ndiyo iliyotumika katika nchi hii hadi mwaka wa 1920. Kwa sasa rupia moja ni kama shilingi moja na nusu ya Kenya, ikishuka na kupanda kidogo. Kwa hivyo ukisikia filamu imekusanya krori 100, hizo ni rupia bilioni moja, karibu shilingi bilioni moja na nusu zetu. Pesa si haba.

Lakini zimekusanywa na nani, na zinaenda wapi? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mtazamaji analipa tiketi. Jumla ya tiketi zote ni mapato ghafi. Serikali inakata kodi yake, na kinachobaki huitwa mapato halisi. Mwenye ukumbi naye anachukua fungu lake. Mwaka wa 2009 watayarishaji wa filamu za Kihindi waligombana na wenye kumbi kubwa za kisasa, wakagoma kutoa filamu mpya kwa takriban miezi miwili. Walipopatana walikubaliana kwamba wiki ya kwanza msambazaji apate nusu ya mapato halisi, wiki ya pili asilimia 42.5, ya tatu asilimia 37.5, na kuanzia hapo asilimia 30. Ukiyatazama mapatano hayo utaelewa kwa nini watayarishaji hupiga kelele sana kuhusu siku tatu za kwanza. Wiki zikisonga, fungu lao linapungua. Zamani filamu ilikuwa ikipikwa polepole kama maharagwe. Sholay ya mwaka 1975 ilikaa kwenye ukumbi wa Minerva mjini Bombay zaidi ya miaka mitano. Siku hizi filamu ikikaa miezi miwili watu husema imeweka historia.

Kisha kuna msambazaji. Mtayarishaji hauzi filamu yake kwa kila ukumbi mmoja mmoja. Anaiuza kwa maeneo, na majina ya maeneo hayo ni kama somo la historia. Watelugu bado wana eneo linaloitwa Nizam, yaani Telangana ya leo, kwa kumbukumbu ya mtawala wa zamani wa Hyderabad, na eneo linaloitwa Ceded, yaani nchi iliyotolewa, kwa sababu mtawala huyo aliwapa Waingereza mwaka wa 1800. Wafanyabiashara wa filamu za Kihindi nao wana eneo la CP Berar, jina la mkoa wa kikoloni ambao haupo tena kwenye ramani yoyote. Mwingereza ameondoka lakini mipaka yake ingali inagawa mapato ya sinema. Mwalimu wetu wa historia angefurahi.

Je, hesabu hizi zinatangazwa na nani? Hakuna ofisi moja ya serikali inayohesabu tiketi za India nzima na kutangaza ukweli. Watayarishaji hutangaza wenyewe, na waandishi wa habari za biashara hukisia kwa kuulizia wasambazaji na wenye kumbi. Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Ukiona bango limeandikwa krori fulani baada ya siku nne, lisome huku ukikumbuka nani aliyelichapisha. Ndiyo maana hapa chini nasema "karibu" na "zaidi ya".

Tena pesa si watu. Katika jimbo la Tamil Nadu serikali huweka kikomo cha bei ya tiketi. Andhra Pradesh mwaka wa 2021 serikali ilishusha bei hata wenye kumbi wakalia, na baadhi yao wakafunga, hadi viwango vilipobadilishwa Machi 2022. Huku Mumbai au Delhi ukumbi wa kifahari unaweza kumtoza mtu mara kadhaa ya bei hiyo kwa kiti kile kile na filamu ile ile. Kwa hivyo filamu ya Kitamil inaweza kutazamwa na watu wengi kuliko ya Kihindi na bado ikaonekana maskini kwenye orodha. Na kulinganisha filamu ya 1975 na ya 2024 kwa rupia tu ni kama kulinganisha mandazi ya babu iliyouzwa senti na ya leo ya shilingi kumi, kisha ukasema siku hizi watu wanapenda mandazi zaidi!

Serikali za majimbo zimeingilia sinema kwa njia nyingine pia. Mwaka wa 2006 serikali ya Tamil Nadu, chini ya M. Karunanidhi, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi wa filamu, ilitangaza kwamba filamu yenye jina la Kitamil isitozwe kodi ya burudani. Wee! Watayarishaji waliokuwa wamezipa filamu zao majina ya Kiingereza wakabadilisha mbio mbio. Mimi sijawahi kusikia sera ya lugha iliyotii haraka namna hiyo. Wazia kama hapa kwetu mwenye duka angesamehewa ushuru kwa kuandika jina la duka lake kwa Kiswahili sanifu. Hata "M-Fresh Butchery" ya pale stendi ingekuwa "Bucha la Nyama Bichi" kabla ya jua kutua.

Nirudi kwenye swali la mwenzetu wa mjadala. Kama wingi wa wasemaji ndio unaoleta pesa, Kibengali kingekuwa cha pili baada ya Kihindi. Mbona sivyo? Kibengali ndicho kilichompa ulimwengu Satyajit Ray, aliyetoa Pather Panchali mwaka wa 1955 na kusifiwa kila pembe. Lakini mwaka wa 1947 India ilipogawanywa, Bengali ilikatwa katikati. Nusu ya mashariki ikawa sehemu ya Pakistan, na mwaka wa 1965, baada ya vita, Pakistan ikapiga marufuku filamu za India. Studio za Kolkata zikabaki na lugha kubwa lakini soko lililokatwa miguu. Nusu ile sasa ni Bangladesh, nchi nyingine yenye sinema zake.

Kimarathi nacho kina mkasa wake. Mji wake mkuu ni Mumbai, na Mumbai ndiyo nyumbani kwa filamu za Kihindi. Ni kama kufungua kioski mlangoni mwa supamaketi. Filamu ya Kimarathi hulazimika kugombea kumbi katika mji wake yenyewe, hata mwaka wa 2015 serikali ya Maharashtra ikaagiza kumbi kubwa zizipe filamu za Kimarathi nafasi katika saa nzuri za jioni. Mwaka uliofuata ikatoka Sairat ya mwelekezi Nagraj Manjule, kisa cha vijana wawili wa matabaka tofauti waliopendana. Waigizaji wakuu hawakuwa na jina lolote. Iligharimu karibu krori 4 na ikawa filamu ya kwanza ya Kimarathi kuvuka krori 100 kwa tathmini zilizotolewa. Ilipotengenezwa upya kwa Kihindi mwaka wa 2018 kwa jina Dhadak, ikapakwa poda, ikavalishwa vizuri, nami kwa maoni yangu utamu wote ukamwagika.

Ikumbukwe basi kwamba faida haipimwi kwa makusanyo pekee. Filamu iliyogharimu krori 4 ikaleta 100 ni tajiri kuliko iliyogharimu mamia. Prabhas, yule jitu la Baahubali, alirudi mwaka wa 2023 na Adipurush, iliyopigwa kwa Kihindi na Kitelugu na kuripotiwa kugharimu zaidi ya krori 500. Siku za kwanza kumbi zilijaa. Kisha watu wakaicheka, na wafanyabiashara wakaiandika upande wa hasara.

Nimemtaja Baahubali, na hapo ndipo kuta zilipoanza kubomoka. Mwelekezi S. S. Rajamouli alipiga filamu hiyo kwa Kitelugu na Kitamil, kisha ikatiwa sauti za Kihindi na Kimalayalam. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 2015 na kumalizika kwa swali: kwa nini Kattappa alimuua Baahubali? India nzima ikauliza swali hilo kwa karibu miaka miwili. Sehemu ya pili ilipotoka tarehe 28 Aprili 2017 ikawa filamu ya kwanza ya India kuvuka krori 1,000, na ilipotulia ilikuwa karibu krori 1,800 duniani, zaidi ya shilingi bilioni 25. Toleo la Kihindi peke yake, ambalo lilikuwa sauti tu zilizobandikwa, lilipata zaidi ya krori 500 za mapato halisi ndani ya India. Hakuna filamu iliyozaliwa kwa Kihindi iliyokuwa imefika hapo nchini mwake.

Hapa kuna anayesubiri kunikosoa kwa kusema, "Na Dangal je?" Kweli, Dangal ya Aamir Khan, iliyotoka Desemba 2016, ni ya Kihindi na ilifikia karibu krori 2,000. Lakini zaidi ya nusu ya pesa hizo zilitoka Uchina, ilikoonyeshwa Mei 2017. Hadithi ya baba anayewafundisha binti zake mieleka iliwagusa Wachina kuliko alivyotarajia yeyote. Kwa hivyo ukiulizwa ipi ni kubwa kati ya hizo mbili, uliza kwanza, kubwa wapi?

Baada ya hapo kusini ikafunguka kama bwawa. Machi 2022 ikatoka RRR ya Rajamouli huyo huyo, zaidi ya krori 1,200, na wimbo wake Naatu Naatu ukatwaa tuzo ya Oscar mwaka wa 2023. Aprili 2022 ikafuata KGF Chapter 2. Wakati huo huo filamu za Kihindi zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine. Hata Laal Singh Chaddha ya Aamir Khan huyo wa Dangal ilishindwa Agosti 2022. Shah Rukh Khan ndiye aliyewanyanyua mwaka wa 2023 kwa Pathaan na kisha Jawan, zote zikivuka krori 1,000. Lakini hebu angalia: Jawan ilielekezwa na Atlee, mtu wa sinema ya Kitamil, muziki ukatungwa na Anirudh wa Chennai, na waigizaji wenzake Nayanthara na Vijay Sethupathi ni wa kusini. Ng'ombe wa Mumbai, lakini malisho ya Chennai. Kisha Desemba 2024 Pushpa 2 ya Kitelugu ikaingia kwa Kihindi cha kutiliwa sauti na kukusanya zaidi ya krori 800 halisi kwa lugha hiyo, ikizipita filamu zote za Kihindi zilizoitangulia katika soko lao wenyewe.

Iliwezekanaje? Wengine husema ni uchawi wa matangazo. Sivyo. Kwa miaka mingi vituo vya televisheni vya kaskazini vilinunua filamu za Kitelugu na Kitamil kwa bei nafuu, vikazitia sauti za Kihindi na kuzionyesha mchana kutwa. Watu wa vijijini huko Bihar na Uttar Pradesh, ambako kumbi za sinema ni chache sana ukilinganisha na watu, walikua wakimtazama Allu Arjun bila malipo. Kufikia Desemba 2021 Pushpa ya kwanza ilipotoka, hakuwa mgeni kwao. Sauti yake ya Kihindi ilikuwa ya mwigizaji mwingine, Shreyas Talpade, na watu waliipenda kama ya Allu Arjun mwenyewe. Sisi Wakenya tusishangae. DJ Afro anatafsiri filamu kwa Kiswahili cha mtaani na kuna watu vibandani wanaoapa kwamba bila yeye filamu haina ladha.

Fauka ya hayo, kusini kuna kumbi nyingi. Andhra Pradesh na Telangana zina kumbi tele za skrini moja, za tiketi nafuu, ambako familia nzima huenda. Na mapenzi yao kwa nyota si ya kawaida. N. T. Rama Rao alitoka kwenye sinema za Kitelugu akawa waziri mkuu wa jimbo mwaka wa 1983, kama alivyofanya M. G. Ramachandran wa Kitamil mwaka wa 1977. Rajinikanth naye, ambaye watu wa Chennai humheshimu kama mzee wa ukoo, hakuzaliwa Mtamil. Alizaliwa Bangalore katika familia ya Kimarathi, na kabla ya filamu alikuwa kondakta wa basi. Makanga wa matatu mlio na ndoto, mmesikia.

Sasa nifike kwa Kikannada, lugha ya milioni 44, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisipige makofi siku ile. Tangu miaka ya 1960 watu wa sinema ya Kikannada, wakiongozwa na nyota wao mpendwa Dr. Rajkumar, walikataa filamu za lugha nyingine kutiwa sauti za Kikannada. Haikuwa sheria ya serikali, bali ukumbi uliothubutu ulikiona cha mtema kuni. Walihofu kwamba filamu za gharama kubwa za Mumbai na Madras zikisema Kikannada, nani atatazama za kwao? Hofu hiyo naielewa. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Mkannada aliyetaka filamu kubwa alilazimika kuitazama kwa Kihindi, Kitamil au Kitelugu, akazidi kuzizoea lugha hizo kuliko yake. Mwaka wa 2015 tume ya ushindani ya India iliamua kwamba kizuizi hicho ni kinyume cha sheria.

Wengi walitabiri kifo. Mwaka wa 2018 ikatoka KGF Chapter 1, kisa cha machimbo ya dhahabu ya Kolar yaliyo Karnataka kwelikweli, ikatiliwa sauti za lugha nyingine ikapata karibu krori 250. Sehemu ya pili, ya 2022, ikafika karibu krori 1,200, zaidi ya 400 kati yake zikitoka kwa Kihindi. Na mwaka huo huo, Rishab Shetty akatoa Kantara kwa krori 16 hivi, filamu ya msitu, mashamba na ngoma ya mizimu ya pwani ya Karnataka. Mwanzoni ilitoka kwa Kikannada peke yake. Hakuna aliyedhani mtu wa Delhi angetaka kuona mizimu ya kijiji asichokijua. Watu walipoanza kusimuliana, ikatiliwa sauti za Kihindi wiki mbili baadaye, na ikaishia karibu krori 400. Haikujifanya ya Mumbai. Ilikuwa ya kijijini tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana watu waliilipia.

Kimalayalam cha jimbo la Kerala, wasemaji milioni 35, ni kisa kingine. Wao hawana pesa za Hyderabad, kwa hivyo huandika hadithi. Drishyam ya mwaka 2013, ya mwelekezi Jeethu Joseph na mwigizaji Mohanlal, inamhusu baba wa darasa la nne anayeilinda familia yake dhidi ya polisi kwa maarifa aliyoyapata kwa kutazama sinema. Ilitengenezwa upya kwa Kikannada, Kitelugu, Kitamil na Kihindi, kisha Kisinhala cha Sri Lanka, na mwaka wa 2019 Wachina nao wakaitengeneza yao. Hadithi moja, lugha saba! Soko lao lingine ni Ghuba, kwa kuwa watu wengi wa Kerala wanafanya kazi Dubai, Muscat na Doha, kama ndugu zetu wa Mombasa na kwingineko. Filamu ikitoka Kochi Ijumaa, Dubai nao wanapanga foleni. Mwaka wa 2024 Manjummel Boys ikawa ya kwanza ya Kimalayalam kuvuka krori 200, na kiasi kikubwa kilitoka kwa majirani zao wa Tamil Nadu, walioitazama kwa Kimalayalam chake bila kutiliwa sauti. Sababu ni kwamba kisa kinatokea kwenye mapango ya Kodaikanal yaliyo jimboni mwao, na ndani yake mnasikika wimbo wa filamu yao ya zamani, Gunaa ya 1991.

Mwenzangu wa mjadala alipoyasikia haya aliniuliza mbona basi hapa Kenya tulizoea za Kihindi tu, ilhali Wahindi wa hapa wengi ni Wagujarati na Wapunjabi. Swali zuri. Kumbi kama Shan ya Ngara, Nairobi, zilionyesha za Kihindi kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo Mgujarati na Mpunjabi wote waliielewa, na Mombasa nyimbo zake zikaingia hadi kwenye taarabu ya Juma Bhalo. Soko letu lilikuwa dogo, basi likachukua lugha ya kukutania. Siku hizi kibandani na kwenye televisheni zinakuja za kila pembe, na sisi bado tunaziita jina moja.

Ukitaka kujua unatazama ya nani, usiruke mwanzo. Kabla ya filamu kuanza hutokea cheti cha bodi ya udhibiti wa filamu ya India, karatasi yenye muhuri na sahihi, nacho huandikwa jina la filamu na lugha yake. Hukaa sekunde chache tu. Binamu yangu huipitisha mbio kwa rimoti. Jumamosi iliyopita nilimshika mkono akaiacha, na kibanda kizima tukasoma pamoja: Kitamil.